Kibao cha namba mezani pa akiba: taja kwanza, bonyeza baadaye

 

Juma hili tunazungumza juu ya kitu kidogo kilichoingia mezani pa akiba yetu. Ni kibao cha kugusa, kipana kama kiganja cha mkono, kisicho na waya. Ukipitisha kidole juu yake, mshale unatembea kwenye kioo cha ordinatere, kama vile unavyofanya kwa kipanya. Lakini ukigusa alama iliyo pembeni, namba zinawaka juu ya kibao hicho hicho, kuanzia 0 mpaka 9, na alama za kujumlisha na kutoa. Basi kitu kimoja kinafanya kazi mbili: kinaongoza mshale na kinaandika hesabu.

Baadhi yenu mmetuuliza ikiwa kikundi kinafaa kununua kitu cha namna hiyo. Kabla ya kujibu, tunapaswa kuwaeleza yaliyotupata sisi wenyewe, hata kama si habari ya kujisifu.

Elfu thelathini na elfu tisini

Mmoja wa wamama wetu anauza samaki wa moshi. Alichukua mkopo wa franka 30 000 kutoka sanduku letu ili anunue mali kwa wavuvi. Siku hiyo ilikuwa mara ya kwanza sekretere wetu kutumia kibao kipya. Ni binti mwepesi, anayeandika kwa simu bila kutazama. Wamama wote walikuwa wanasema kwa pamoja, wingu la mvua lilikuwa limeshatanda juu ya mto, na kila mtu alitaka kufika nyumbani mbele ya mvua.

Tulipohesabu pesa za sanduku mwishoni, zilizidi hesabu ya ordinatere kwa franka 60 000. Tulitazamana. Mmoja wetu akasema, “Pesa ikipungua ndiyo shida. Ikizidi, tutatazama juma lijalo.” Tukafunga sanduku kwa kufuli zake tatu, tukaenda. Hapo kosa lilikuwa letu sisi sote, si la yule binti peke yake. Juma lililofuata hakuna aliyekumbuka.

Mwezi ulipita. Mama akaja kurudisha mkopo wake. Tukizungumzia mtaji peke yake, bila faida, alikuwa ameshika franka 30 000 ndani ya kitambaa. Sekretere akafungua ukurasa, akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Mama, hapa inaonyesha elfu tisini.”

Mama huyo hajui kusoma vizuri. Alitazama kioo, akatutazama sisi. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba mashini haisemi uongo. Tunaona haya kuandika neno hilo, lakini lilisemwa, na katikati yetu hakuna aliyelipinga haraka. Mama akajibu kwa sauti ya chini, “Ninyi mlinipa noti tatu za elfu kumi. Vidole vyangu ndivyo vilivyozihesabu. Hizo nyingine sita alizipokea nani?”

Mama prezida aliomba wote wanyamaze. Akaita wenye funguo tatu, sanduku likafunguliwa, na kitabu kidogo cha mama kikatolewa. Ndani yake, kwa biro na kwa mkono wa sekretere yule yule, iliandikwa 30 000. Chini yake palikuwa na alama ya kidole cha mama.

Tulimwomba msamaha mbele ya watu wote. Alisamehe, lakini alisema jambo ambalo hatutalisahau. Alisema kama kitabu kile kisingekuwepo, angelipa. Angechukua minervali ya mtoto wake wa sekondari na kulipa deni ambalo si lake, maana hakuwa na maneno ya kushindana na kioo kinachowaka.

Kwa nini 3 iligeuka 9

Nyumbani tulikaa na sekretere tukatafuta sababu. Hakuwa na nia mbaya, wala kibao hakikuwa kibovu. Sababu ni hii, na kila mama anayetumia simu anapaswa kuijua.

Chukueni simu yenu, ile mnayotumia kutuma pesa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Tazameni namba zake. Mstari wa juu ni 1, 2, 3. Katikati ni 4, 5, 6. Chini ni 7, 8, 9, na 0 iko chini kabisa. Sasa tazameni mashini ya kuhesabu ya sokoni. Mstari wa juu ni 7, 8, 9. Katikati ni 4, 5, 6. Chini ni 1, 2, 3. Kibao cha ordinatere kinafuata mashini ya kuhesabu, hakifuati simu.

Kidole cha binti yetu kilijua njia ya simu. Kilitafuta 3 kwenye pembe ya juu upande wa kuume. Kwenye simu, pale pana 3. Kwenye kibao, pale pale pana 9.

Tofauti hiyo ni ya zamani. Mashini za kuhesabu zenye vitufe kumi zilianza kutumiwa huko Marekani zaidi ya miaka 100 iliyopita, na mpangilio wa 7, 8, 9 juu ukashika maofisini na madukani. Simu za vitufe zilikuja baadaye sana. Wataalamu wa kampuni ya Bell, huko huko Marekani, walijaribu mipangilio mbalimbali kwa watu wa kawaida, wakatangaza matokeo yao mwaka 1960, na simu hizo zikaanza kuuzwa kwa watu mwaka 1963 zikiwa na 1, 2, 3 juu. Tangu hapo dunia nzima inaishi na mipangilio miwili. Karani wa benki hana shida, kwa kuwa mkono wake umezoea mashini. Sisi wengi hatukupitia mashini. Tulianza na simu, na hapo ndipo mtego wetu ulipo.

Faida yake ni nini basi?

Mtauliza, kwa nini hatukukitupa mtoni? Kwa sababu kinasaidia kweli, na tutawaonyesha.

Ordinatere nyingi zinazotufikia zimetengenezwa kwa lugha ya Kifaransa, na klavye yake inaanza kwa herufi A, Z, E, R, T, Y. Katika klavye hiyo, namba za mstari wa juu hazitoki zenyewe. Ukibonyeza tu, badala ya 2 unapata é, badala ya 7 unapata è, badala ya 9 unapata ç, badala ya 0 unapata à. Ili namba itoke, unashika kitufe cha Maj kwa mkono mmoja na kubonyeza kwa mkono mwingine. Ordinatere kubwa za mezani zina sehemu ya namba upande wa kuume. Ndogo za kubeba, nyingi hazina.

Sasa hesabuni pamoja nasi. Kikundi cha wamama 25, kila mama ana namba tatu kwa mkutano mmoja: sehemu alizonunua, mchango wa mfuko wa kusaidiana, na mkopo aliorudisha au aliochukua. Hizo ni namba 75 kwa siku moja. Mkikutana mara 40 kabla ya kugawana, mmeandika namba 3 000. Na pesa yetu ina sifuri nyingi. Noti kubwa kuliko zote ni ya franka 20 000, kwa hiyo hata mkopo mdogo una tarakimu tano. Kushika Maj kwa kila tarakimu kunachosha mkono, na mkono uliochoka unakosea. Sekretere wetu alikuwa anabaki peke yake mpaka giza linaingia, na mama mkwe wake alikuwa ameanza kuuliza maswali. Kwa kibao anamaliza wakati wote bado tumeketi. Hiyo ni faida kubwa, kwa sababu hesabu inayoandikwa mbele ya macho ya watu ni bora kuliko ile inayoandikwa gizani na mtu mmoja.

Namna ya kukitumia

Kuunganisha. Vibao hivi ni vya namna mbili. Kimoja kinakuja na kidude kidogo unachoingiza kwenye tundu la USB. Kingine kinatumia Bluetooth, kama mnavyotumiana picha kwa simu. Ordinatere za zamani, nyingine hazina Bluetooth. Anayekwenda Kisangani kununua abebe ordinatere ya kikundi, aunganishe pale pale dukani, aandike namba zote kumi moja baada ya nyingine, kisha ndipo atoe pesa. Kidude cha USB kikipotea, kibao nacho mara nyingi hakifai tena, basi kifungeni mahali pamoja na kibao kila mara.

Moto. Kibao kina betri ndani yake. Sisi tunaotegemea jua tunajua taabu ya siku za mvua. Kichajini asubuhi ya siku ya mkutano, na mkikizima baada ya kazi kinakaa muda mrefu. Betri ikikatika katikati ya mkutano, msisimame. Endeleeni kwa klavye na Maj, au kwa kitabu.

Mikono. Kibao hakisikii uzito wa kidole. Kinasikia namna ngozi ya mtu inavyopitisha umeme mdogo sana wa kibao chenyewe. Ndiyo maana ukucha hauandiki kitu. Ndiyo maana pia kidole chenye maji au mawese kinafanya mshale uruke kama panzi. Wekeni kitambaa kikavu mezani, na anayeandika anawe mikono na kuikausha kwanza. Kuna jambo lingine: vidole vigumu vya jembe na vya kasia pengine havisikiki. Mama mmoja wetu alijaribu mara nne, kibao kikanyamaza, akasema, “Hata mashini inanidharau.” Hapana, mama. Ngozi ngumu na kavu haipitishi umeme vizuri, basi. Tumia upande wa kidole palipo laini, au kidole cha mwisho. Si dharau, ni alama ya kazi yako.

Kidole cha katikati. Vibao vyenye vitufe vya kweli vina kinundu kidogo juu ya 5, ili kidole kijue kimefika wapi bila macho. Kibao cha kugusa ni laini mahali pote. Sisi tulibandika kipande kidogo sana cha skochi juu ya 5. Kidole kikiisikia, kinajua kwamba 8 iko juu yake na 2 iko chini yake. Lakini mwanzoni, tazameni kila namba. Mwendo utakuja wenyewe.

Mitego mitatu

Mtego wa kwanza ni kusahau kuzima namba. Namba zikiwa zinawaka, kugusa kibao ni kuandika. Umemaliza kuandika, unataka kuchagua mahali pengine, unagusa kama unavyogusa kipanya, na kumbe umeingiza 7 katika hesabu ya mtu. Katika programu kama Excel ni hatari zaidi, kwa sababu namba mpya haikai kando ya ile ya zamani. Inaifuta na kukaa mahali pake. 45 000 ya mama inageuka 7, bila kelele. Zoezi letu ni hili: kila baada ya kuandika ukurasa wa mtu mmoja, zima namba, ondoa mkono. Ukigundua kosa papo hapo, shika Ctrl na ubonyeze Z, ya zamani inarudi.

Mtego wa pili ni nukta. Sisi tumezoea kuandika kwenye karatasi 15.000, nukta ikitenga elfu. Mashini haielewi hivyo. Ukibonyeza nukta ya kibao kati ya 15 na sifuri tatu, inafikiri umeanza kuandika senti. Elfu kumi na tano ya mama inakuwa franka kumi na tano. Andikeni tarakimu tu, zikifuatana, bila nukta wala nafasi: 15000. Kama mnataka zionekane zimetengana, mwambieni kijana anayejua programu awapangie ukurasa ili zitengane zenyewe.

Mtego wa tatu ni kitufe cha Verr Num. Katika baadhi ya ordinatere ndogo za zamani, kitufe hicho kikiwashwa, herufi za klavye zinageuka namba: u, i, o zinakuwa 4, 5, 6, na j, k, l zinakuwa 1, 2, 3. Unaandika neno “akili”, unaona a2535. Wengi wanafikiri ordinatere imeingiwa na ugonjwa, wanaipeleka kwa fundi na kulipa bure. Bonyezeni Verr Num mara moja tena, akili inarudi.

Kosa linalojitambulisha

Sasa tunawapa kitu kilichotufurahisha sana tulipokitambua. Tazameni tena mipangilio miwili ile. Namba 4, 5, 6 hazibadiliki mahali, na 0 iko chini kwa zote mbili. Zinazobadilishana ni 1 na 7, 2 na 8, 3 na 9. Toeni 1 katika 7, mnapata 6. Toeni 2 katika 8, mnapata 6. Toeni 3 katika 9, mnapata 6. Kila mara ni 6.

Maana yake ni kwamba hesabu ya sanduku na hesabu ya ordinatere zikitofautiana kwa 600, au 6 000, au 60 000, mtu wa kwanza kushukiwa ni kidole kilichofuata njia ya simu. Tafuteni katika ukurasa wa siku ile 7, 8 au 9 isiyoeleweka, au 1, 2, 3 iliyokaa mahali pa kubwa. Sisi siku ile ilitofautiana kwa 60 000. Jibu lilikuwa mbele yetu juu ya meza, na sisi tulikuwa tunatazama wingu.

Kuna lingine ambalo wahasibu wanalijua tangu zamani. Kama tofauti inagawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, pengine tarakimu mbili zimebadilishana mahali, au sifuri imezidi au imepungua. Mfano: 36 000 ikiandikwa 63 000, tofauti ni 27 000, yaani 9 mara 3 000. Na 2 000 ikiandikwa 20 000, tofauti ni 18 000, yaani 9 mara 2 000. Haya hayathibitishi kosa, lakini yanaonyesha pa kuanzia kutafuta, kabla ya kuanza kutazamana vibaya.

Wazee wetu walijua

Hapa kwetu hatuhitaji kwenda mbali ili tujifunze kuzuia kosa. Walokele, majirani na ndugu zetu wa mtoni, walikuwa wanatuma habari kwa ngoma ya mti kutoka kijiji mpaka kijiji. Ngoma ile ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na maneno mengi yangeweza kufanana. Basi mpiga ngoma hakupiga neno moja fupi. Alipiga msemo mrefu kwa kila neno, na kurudia, ili yule wa ng'ambo asidanganyike na upepo au kelele za maji. Mmisionari John Carrington, Mwingereza aliyeishi Yakusu, alijifunza lugha hiyo ya ngoma na kuiandikia kitabu mwaka 1949. Watu wa mbali walistaajabu. Wazee walijua tu kwamba habari nzito haisemwi mara moja na kuachwa.

Pesa ya mama ni habari nzito. Kwa hiyo tangu siku ile kikundi chetu kimeweka desturi, nasi tunaipendekeza kwenu.

Kwanza, mwenye pesa anataja kiasi kwa sauti, na wahesabuji wa pesa wanakirudia.

Pili, sekretere anaandika katika kitabu kidogo cha mama kwa biro, kama zamani.

Tatu, ndipo anaandika kwa kibao. Kabla ya kubonyeza Entrée, anasoma kile anachokiona kwenye kioo, si kile anachokikumbuka: “tatu, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri.” Tarakimu moja moja.

Nne, mwenye pesa anaitika, “Ndiyo,” au anasema, “Simama.” Akisema simama, mkono unasimama, hata kama mvua inakuja.

Tano, mwishoni pesa za sanduku zinahesabiwa mbele ya wote na kulinganishwa na ordinatere. Zikipungua tunatafuta, zikizidi tunatafuta vilevile. Hakuna anayeondoka.

Mtaona kwamba desturi hii haihitaji mama ajue kusoma. Inahitaji asikie na ajibu. Njia ya akiba ya sanduku lenye kufuli tatu ilianza Niger mwaka 1991 kwa wanawake wa vijijini, na wengi wao hawakujua kusoma. Nguvu yake tangu mwanzo ilikuwa ni kufanya kila kitu mbele ya macho na masikio ya wote. Tukileta mashini halafu tukanyamazisha masikio, tumerudi nyuma, hata kama kioo kinawaka vizuri.

Basi, tununue au tusinunue?

Kama kikundi chenu ndicho kinaanza, kitabu, biro na mashini ndogo ya kuhesabu vinatosha. Msikope kwa ajili ya kibao. Kama mnayo ordinatere tayari na namba zinawachosha, jueni kwamba kipo pia kile cha waya chenye vitufe vya kweli. Hakina betri, kina kinundu juu ya 5, na kidole kigumu kinakibonyeza bila shida. Hakiongozi mshale, ni hivyo tu. Kile cha kugusa kisicho na waya kina uzuri wake: kinazunguka mezani. Mama prezida anaweza kukivuta mbele yake na kuandika mwenyewe, na yule aliyekaa mbali na ordinatere naye anaonyeshwa.

Na jambo moja la mwisho. Msimwachie binti mmoja kibao hicho siku zote kwa kuwa yeye ndiye anajua. Siku hizi, kabla ya mkutano, wamama wetu wawili wanajizoeza kwa zamu kwenye ukurasa mtupu, wakiandika siku za kuzaliwa za watoto wao. Mmoja wao ni yule muuza samaki. Anaandika polepole, anataja kila tarakimu kwa sauti, na akifika kwenye 3 anainua kidole, anatazama chini, kisha anabonyeza. Siku ya posho iliyopita sekretere alimwambia, “Mama, unachelewa.” Akajibu, “Mwanangu, nachelewa mimi, lakini elfu thelathini inabaki elfu thelathini.”